Tembe la Matembele

Namshukuru Mungu kwa uhai, kwa watoto, kwa macho ambayo bado yanaliona tundu la sindano. Nimeanza na shukrani kwa sababu masista walionilea Ushirombo walitufundisha kwamba mtu asimweleze Mungu malalamiko yake kabla hajamweleza fadhila. Sasa nimeshukuru. Naomba niruhusiwe kukasirika.

Hasira yangu ni ya paa. Watu hucheka nikisema hivyo, wakidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Mtu hukasirikia ng'ombe walioibwa au shamba lililoporwa. Nani amewahi kukasirikia paa? Mimi.

Mume wangu alifanya kazi chini ya ardhi, katika mgodi mmoja wa dhahabu huko vilima vya Geita, tangu kabla ya Uhuru mpaka mgodi ulipofungwa. Kazi yake ilikuwa kusimika magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wenzake. Alitoka na mikono yake yote na miguu yake yote, na watu walimpongeza. Lakini vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani. Asubuhi alikuwa mzima, analima, anapiga mluzi. Jua likipanda, nasi tukiwa chini ya bati la nyumba ya kupanga, pumzi ilimpungua. Alikaa kitandani ameshika magoti, mdomo wazi, na bati juu yake likilia ta, ta, ta kwa kutanuka. Nililowesha khanga nikamfunika mgongoni. Ilikauka kabla sijamaliza kusali Salamu Maria.

Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akanivuta pembeni.

"Mama, dawa ya kifua hiki sina. Mtafutie hewa ya baridi."

"Baridi ya wapi, Baba, hapa Geita?"

"Hiyo utaijua wewe."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, maana mtu anakwenda zahanati kutafuta vidonge, hatumwi kutafuta baridi kama anayetumwa chumvi. Lakini njiani nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Yeye aliishi katika tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, miti imepangwa juu ya kuta na juu ya miti umemwagwa udongo mzito ukashindiliwa. Maboga yalijiotea huko juu bila kupandwa na mtu. Mchana wa kiangazi, mbuzi wakihema nje, ndani kwa bibi ulitamani shuka. Sitasema uongo: tembe lile lilivuja, lilikuwa na giza, na panya walikuwa wengi kuliko wajukuu. Mimi niliitaka ile baridi. Giza, uvujaji na panya sikuvitaka.

Basi nikachora nyumba. Sikuwa na karatasi kubwa wala sikujua vipimo vya mafundi. Nilichora kwa fimbo katika kiwanja tulichopewa na ukoo wa mume wangu, kando ya mji, nikaichora kwa ukubwa wake wenyewe. Nilipomaliza, nikamwita mume wangu aje atembee ndani yake.

"Piga hodi kwanza," nikamwambia.

Akapiga hodi hewani. Nikamkaribisha.

"Mlango mmoja tu upande huu?"

"Upande wa magharibi nimeweka jiko na stoo. Jua la alasiri lipigane na masufuria, lisipigane na wewe. Chumba chako ni hiki hapa. Madirisha mawili yanatazamana, upepo uingie hapa utokee pale."

Akasimama ndani ya chumba chake cha mavumbi, akatazama juu. Juu hapakuwa na kitu ila mwewe.

"Na paa, Mama?"

"Juu nataka shamba."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, ikabidi akae sebuleni, yaani chini, kati ya mistari.

"Shamba! Maisha yangu yote nimezuia udongo usiniangukie, leo unataka kuniwekea mwingine kichwani?"

"Si wewe uliyekuwa ukiuzuia? Basi uzuie na huu."

Nilimwona akianza kuhesabu, macho yamefinywa, vidole vikigongana. Nilipoona vidole vile nilijua nyumba itasimama.

"Udongo mkavu na udongo uliolowa si mzigo mmoja," akasema. "Miti haitafaa. Mchwa wataila na sisi tumelala. Tupate chuma."

Chuma kilikuwepo. Mgodi ulipofungwa, vitu vyake vingi viliuzwa na vingine viliachwa vikiota kutu, na watu wa huku walijifunza kuviona vitu mara mbili: kwanza jinsi vilivyokuwa, kisha jinsi vinavyoweza kuwa. Tulinunua kwa wauza skrepa reli fupi zilizokuwa njia ya vitoroli vya mawe. Hizo ndizo zikawa boriti zetu. Mapipa ya mafuta tuliyapasua, tukayanyoosha kwa nyundo, yakawa mabamba ya kulalia juu ya reli. Matofali ya kuchoma tuliyatoa katika kambi ya wafanyakazi iliyokuwa inabomolewa. Mengine yalikuja na rangi ya kuta za watu, buluu hapa, kijani pale, sikuyapaka. Mlango wa mbele ulikuwa wa stoo ya baruti, mzito, una tundu dogo la kuchungulia. Ngazi ya kupandia juu ilikuwa ngazi ya mgodini, ile ile ambayo mume wangu aliipanda kila jioni kutoka gizani. Alipoiona kwa muuza skrepa aliigusa na kusema, "Na wewe umetoka salama?"

Juu ya mabamba tulimimina lami iliyoyeyushwa. Juu ya lami tulikanyaga udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata. Wanawake wa jumuiya yetu walikuja kuukanyaga, wakiimba, khanga zimefungwa magotini. Kisha changarawe, kisha udongo mweusi wa mbugani uliochanganywa na samadi. Mume wangu aliupa ule ubapa wote mteremko ambao jicho halikuuona lakini maji yaliuona. Mvua ikinyesha, maji yalikwenda yenyewe kwenye bomba kuukuu la pembeni na kuanguka ndani ya pipa.

Nilipanda viazi vitamu. Sikuvipanda kwa ajili ya viazi. Nilitaka majani, yatambae na kufunika udongo jua lisiuguse. Pembeni nikapanda mchicha na kunde, nikapata nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha kwa ajili ya kiangazi. Michembe yangu, vile vipande vya viazi vya kukausha, niliianika kwenye ukingo wa matofali, kuku hawakuifikia. Na siku ya kwanza ya joto kali tangu tuhamie, saa saba mchana, niliingia chumbani kwa mume wangu na khanga yangu iliyolowa, nikamkuta amelala. Amelala ubavu, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtoto. Nilikaa sakafuni na khanga yangu mapajani, maji yakinitiririka, nikalia. Namshukuru Mungu kwa mchana ule mpaka leo.

Sasa niseme habari za shemeji yangu.

Mdogo wake mume wangu alikuwa mtani wangu, kama ilivyo haki ya shemeji. Aliniita "mke wangu" mbele ya kaka yake, mbele ya mke wake, mbele ya padri. Nami nilimwita mume wangu mbovu, nikamwambia hadharani kwamba nilimwacha kwa sababu ya miguu yake inayonuka samaki. Kazi yake ilikuwa kuchukua dagaa Nkome, kule ziwani, na kuwazungusha kwa baiskeli minadani. Mtu wa namna hiyo ana mdomo, la sivyo dagaa wanamwozea. Na siku alipopanda ile ngazi akaona majani ya viazi, yaani matembele, yamejaa juu ya nyumba, alisimama huko huko juu, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka:

"Njooni muone! Mke wangu amejenga tembe, tembe limezaa matembele!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lilikuwa neno zuri, limekaa sawa mdomoni. Toka siku hiyo nyumba yetu ikaitwa Tembe la Matembele. Shemeji alilipeleka jina hilo kila mnada alikouza dagaa. Mgeni akiuliza njia, aliambiwa, "Ukifika Tembe la Matembele, kata kushoto." Hata katekista alilitumia akitangaza sala za jumuiya zitakuwa kwa nani. Hakuna aliyedhani kwamba jina linaweza kuwa shtaka.

Halafu ukaja wakati wa watu kuhamishiwa vijijini na kupangwa kwa mistari, na pamoja nao ikaja kampeni ya nyumba bora. Katika kampeni hiyo tembe lilikuwa adui. Tembe, walisema, ni giza, ni kunguni, ni kifua kikuu, ni ujinga wa zamani. Sikuwa na ugomvi na hayo. Mengi yalikuwa kweli, nilikuwa nimelala na wale kunguni mwenyewe.

Afisa alikuja kutoka wilayani, kijana mnene kiasi, mwenye sauti ya kuzoea mikutano. Tuliketi kwenye uwanja wa shule. Alieleza madirisha, alieleza vyoo, kisha akauliza:

"Katika eneo hili, matembe ni mangapi?"

Kwetu pale hapakuwa na tembe hata moja. Watu walijenga kwa nyasi, wachache kwa bati. Mwenyekiti akasema hakuna.

"Haiwezekani. Kila nilikopita nimekuta. Hapa tu ndipo hakuna?"

Ndipo shemeji yangu, kutoka nyuma walikokaa wenye baiskeli, akajibu kwa ile sauti yake ya mnadani:

"Liko moja, Bwana Mkubwa! La mke wangu! Limeota nywele kichwani, na akitaka mboga analinyoa!"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilisimama, nikajishika kiuno, nikamjibu kama desturi inavyotaka: "Kaa chini, mume mbovu, nywele zako mwenyewe zimeota magamba ya samaki!" Wakacheka zaidi. Afisa naye alitabasamu. Nilimwona akitabasamu. Alijua utani kama sisi sote tunavyoujua. Hakuwa mtu wa kutoka mwezini. Kisha akauliza kwa upole liko wapi hilo tembe, na watoto wa shule wakamwonyesha kwa vidole.

Alikuja kwetu mchana, jua la utosi. Nilimkaribisha sebuleni. Alifuta jasho, akanywa maji, akaomba kikombe kingine. Alinyoosha miguu. Alitazama boriti zetu za reli, akatazama lile dirisha na lile dirisha. Nilimsikia akishusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyevua viatu.

"Mama, humu mna baridi nzuri."

"Tunamshukuru Mungu, Baba. Ni kwa ajili ya kifua cha mzee."

"Nzuri sana," akasema, na akakaa tena. Alikaa muda mrefu kuliko shughuli yake. Mume wangu alitoka chumbani, wakasalimiana, akamweleza jinsi mzigo wa paa ulivyogawanywa, akamwonyesha bomba la maji. Afisa akaitikia vizuri, akasema ndiyo, ndiyo, nimeona. Kisha akasimama, akatoka juani, akageuka kuitazama nyumba kwa nje, na akasema mbele ya mwenyekiti:

"Hili ni tembe. Paa litolewe kabla ya mvua. Wajenge paa la mgongo, nyasi au bati."

Nimewaombea wengi waliotukosea. Huyu nimemwombea pia, lakini nakiri kwamba kila nikifika kwenye jina la cheo chake meno yangu hugongana. Kama angekuja na kukataa kuingia, ningeelewa. Kama angekunywa maji yangu nje na kuondoka na ujinga wake, ningesema hakujua. Alijua. Mgongo wake ulijua. Alipata katika nyumba yangu kile kile mume wangu alichokipata, akakishukuru, akatoka akakikataza. Alihitaji tembe moja la kupeleka wilayani, na langu lilikuwa na jina tayari.

Shemeji yangu, niseme haki, alimkimbilia siku ile ile. Alimkuta kwa mwenyekiti, nami nilikuwa nyuma yake.

"Bwana Mkubwa, ile ilikuwa utani. Mimi ni mtani wake huyu."

"Wewe mwenyewe umeliita tembe."

"Naliita tembe kama ninavyomwita huyu mke wangu. Na si mke wangu! Mke wangu yuko nyumbani, muulize."

Mwenyekiti alifunika mdomo. Afisa hakucheka safari hii.

"Ndugu, Serikali haina mtani," akasema, na akaagiza gari lake.

Siku ya kuvunja, mgambo walikuja asubuhi. Walikuwa watoto wa majirani, wengine niliwafundisha Baba Yetu kwa mdomo wangu.

"Shikamoo, Mayu," wakaniita mama kwa lugha yetu.

"Marahaba. Mmekuja kuvunja?"

"Tumetumwa, Mayu."

Walipanda ngazi, wakasimama katika matembele yangu, wakatazamana. Walikuwa wamekuja na virungu. Paa la udongo halivunjwi kwa kirungu. Mmoja akachungulia kutoka juu, akaniuliza, na aliuliza kwa adabu zote:

"Mayu, samahani, huna jembe la akiba?"

Nilimtazama mpaka akarudisha kichwa. "Majembe yangu yanalima," nikasema. "Hayabomoi kwangu."

Wakashauriana, mmoja akashuka, akatoka mbio. Alirudi na jembe. Nililijua. Mpini wake ulikuwa umefungwa mpira mwekundu wa baiskeli, pale ulipopasuka. Lilikuwa jembe la shemeji yangu.

Hapa ndipo wazee na mimi tulipotengana. Desturi yetu inasema mtani hakasirikiwi. Akikutukana, akikuvua kofia kanisani, akikuuza mnadani kwa maneno, hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiwe mkosaji. Kwa lile neno la uwanjani sikukasirika, na nilipowaza kukasirika nilijizuia, maana nami nilicheka. Lakini jembe si neno. Jembe halina utani ndani yake. Mtu analishika, analitoa nje ya nyumba yake na kulitia mkononi mwa mwingine.

Walifyeka, wakachimba, wakasukuma. Udongo wa mbugani ulianguka uani mapande kwa mapande, mizizi ikining'inia. Mume wangu alikuwa ameketi chini ya mpapai kwenye kiti chake, vidole vyake vilikuwa vikigongana kama vile anahesabu tena. Mabamba waliyang'oa na kuyatupa. Reli ziliwashinda, walizipiga teke, wakaziacha. Na kabla ya adhuhuri walipita wanawake, wanatoka kisimani, wakaona matembele mazuri yamelala chini. Wakasimama. Wakaniangalia, wakayaangalia.

"Dada," mmoja akasema, "si yatanyauka tu?"

"Chukueni," nikasema. Wakachuma, wakaenda nayo kichwani juu ya ndoo. Jioni ile mitaa mitatu ilinuka mboga yangu. Wanawake sikuwakasirikia. Njaa ya watoto haina kosa. Lakini sikula matembele tena mpaka mwaka uliofuata.

Chumba cha mume wangu kikawa na reli tu juu, na kati ya reli na reli, jua. Tulihamia kwa muda kwenye nyumba pekee ya ukoo iliyokuwa na nafasi, nayo ilikuwa ya shemeji. Ya bati. Ta, ta, ta. Mume wangu alirudi kwenye kushika magoti yake, nami nikarudi kwenye khanga yangu. Na mwenye nyumba alikuwa akizunguka nje na baiskeli yake, haingii, haondoki.

Siku ya tatu au ya nne alisimama mlangoni.

"Mke wangu, wangenifunga. Ningewanyima wangenifunga."

"Mimi niliwanyima. Nimefungwa?"

"Wewe ni mwanamke, wewe ni mwalimu wa dini, wanakuogopa. Mimi ni muuza dagaa."

"Kweli, wewe ni muuza dagaa."

Alisubiri. Katika utani, baada ya maneno kama hayo huja tusi, na tusi ndilo linalofungua njia. Angenijibu, ningemjibu, tungecheka, mambo yangekwisha. Sikuongeza kitu. Nikageuka kumgeuza mgonjwa wangu.

Wazee wa ukoo walinijia, wakaniambia mtani hakasirikiwi. Wanawake wa jumuiya walinijia, wakaniambia Mkristo husamehe. Nikaenda kwa padri, mzee ambaye sasa ni marehemu. Nikamwambia, "Padri, nimemsamehe lakini hasira haijatoka." Akanijibu kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba hasira ni kama moto wa jikoni, ukikaa kati ya mafiga hauna dhambi, tazama tu usishike paa. Nikamwambia, "Padri, paa limekwisha ondoka." Akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilitoka nikiwa nimepata mahali pa kuuweka ule moto, nao ukaanza kupika.

Mume wangu ndiye aliyepata njia, akiwa amelala, kati ya pumzi na pumzi.

"Mama. Chini kule hakukuwa na paa."

"Chini wapi?"

"Mgodini. Juu ya kichwa hakuna paa, kuna mwamba. Paa liko mbali huko nje, halikuhusu." Akapumzika. "Afisa anataka paa la mgongo. Mpe. Likae juu kama kofia. Lakini chini ya kofia sisi turudishe udongo wetu. Hilo si paa tena. Ni dari. Nani amekataza dari?"

Nilikaa nikalitazama neno lile. Neno lilituvunjia, neno litujengee.

Kazi ilikuwa kubwa na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwani. Mabamba yaliyopinda yalipaswa kunyooshwa tena, udongo wa kichuguu kuchimbwa upya, maana ule wa zamani ulichanganyika na uchafu wa uani. Nilimwita shemeji. Sikumwomba.

"Udongo wa dari utaubeba wewe," nikamwambia.

"Nitakuja na kijitoroli cha jirani."

"Kichwani."

"Sawa," akasema. Asubuhi akaja na lile jembe lenye mpira mwekundu begani. Nikalionyesha kwa kidole.

"Hilo lirudishe."

Alilirudisha, akaazima jingine kwa mtu. Akabeba. Kutoka kichuguuni hadi kwetu ilikuwa lazima apite barabarani, mbele ya maduka, mbele ya wale wale aliokuwa akiwauzia dagaa na maneno. "Ee, mtani wa watu, umeanza kuuza udongo?" walimwambia. "Fungu bei gani? Una mchanga wa Nkome?" Alikuwa na majibu ya hayo yote, nilijua alikuwa nayo, mdomo wake ulikuwa ukitetemeka kwa majibu. Hakutoa hata moja. Wiki ile yote biashara yake ya dagaa ililala. Mke wake alimletea chakula kwetu, akala amesimama.

Nami nilikanyaga ule udongo, safari hii bila nyimbo. Tulitandaza lami kidogo iliyopatikana, tukamwaga udongo kwa unene ambao mume wangu aliuamuru kutoka kwenye kiti chake, tukausawazisha kwa ubao. Juu yake mafundi wakaweka paa la nyasi la mgongo, jipya, la njano, kama la kila mtu. Mvua ilinyesha siku ile nyasi za mwisho zilipofungwa. Mwenyekiti alipita, akatazama kutoka barabarani, akasema, "Sasa hii ni nyumba bora." Nilimwitikia kwa heshima. Afisa hakurudi kamwe; nasikia alihamishiwa kwingine, akapandishwa.

Baridi ilirudi. Si yote, matembele yalikuwa na baridi yake, ile ya majani yanayokunywa maji, nayo haikai gizani chini ya nyasi. Hakuna kinachoota juu ya dari. Panya walirudi, wale wale wa bibi yangu. Lakini mchana wa kwanza mume wangu alipoingia chumbani kwake, alijilaza ubavu, nami nikasimama na khanga yangu mlangoni nikisikiliza. Pumzi moja. Nyingine. Mdomo ulifungwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa ni zawadi.

Shemeji alikuwa amesimama uani, udongo mwekundu umemkauka shingoni na masikioni, anasikiliza vilevile. Aliponiona natoka alijua kwamba kaka yake amelala. Uso wake ukafunguka. Akajifuta mikono, akavuta pumzi, na nikaona utani ukimpanda kooni, wa kwanza tangu siku ya jembe.

"Mke wangu," akasema, "leo si utanipa talaka yangu nikapumzike?"

Lilikuwa zuri. Jibu lake lilikuwa tayari kinywani mwangu, kali, la kuchekesha, lingemfanya akae chini kwa kicheko, na kila mtu mtaani angejua kwamba yamekwisha. Nilimletea maji ya kunawa. Nikamletea ugali na kitoweo kizuri, nikampigia goti kidogo kama mwanamke anavyompa mgeni chakula.

"Wabeja sana, shemeji," nikasema. Asante sana. "Mungu akubariki kwa kazi yako."

Akanitazama, mkono umesimama juu ya bakuli. Mtani hashukuriwi hivyo. Mtani huambiwa, kula haraka uondoke, mlafi wewe. Alielewa vizuri kabisa nilichomwambia. Akainamisha kichwa, akala ugali wake wote, polepole, nami nikaketi karibu nikimfukuzia nzi mpaka akamaliza.